Idd imekwisha, pipi hazijaisha

Barua

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mwanakwerekwe, Unguja. Mkubwa ni msichana wa miaka 9, wa kati mvulana wa miaka 6, na mdogo ana miaka miwili na nusu. Nakuandikia Idd ikiwa imepita wiki nzima, ila nyumbani kwangu bado haijaondoka.

Unajua mwenyewe sikukuu zetu zilivyo. Siku nne mfululizo watoto wanapita nyumba hadi nyumba kudai mkono wa Idd, jioni wanataka Mnazi Mmoja au Kariakoo kwenye mabembea, na kila shilingi waliyopewa inaishia kwa wauza pipi, ubuyu mwekundu, barafu za rangi na soda. Safari hii kuna majirani ambao hata pesa hawakutoa, walitoa pipi kwa viganja. Sasa nina ndoo ndogo imejaa pipi, tofi, bigijii na biskuti za krimu. Nimeipandisha juu ya kabati. Huyu wa kati ameshajua kuweka kigoda juu ya kiti.

Chakula hawataki. Chai isipotiwa vijiko vitatu vya sukari haishuki. Jioni wanakimbizana na kupiga kelele mpaka jirani ameniambia sukari imewapanda kichwani. Na tangu Idd pili huyu wa kati akinywa maji baridi anashika shavu, anasema gego linamuuma.

Nimetafuta mtandaoni vitamu visivyo na madhara, nikakuta unga wa lozi, shayiri iliyopondwa, mbegu za chia. Lozi za kutosha keki moja kwangu mimi ni kitoweo cha siku mbili. Nikaona bora ninunue asali, sasa naitia kwenye chai, kwenye uji, kila mahali, maana asali ni dawa.

Zito zaidi ni mavyaa. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila ikisaliwa Alasiri watoto wanakwenda kumwamkia na wanarudi mashavu yamevimba pipi. Nilimgusia mara moja kwa adabu, akanijibu, "Mumeo nimemlea kwa halua na meno yake yote anayo." Mume wangu naye anasema niwaache wazile mpaka ziishe.

Shangazi, niimwage ndoo? Na nipe vitu vya kupika mwenyewe, vya sokoni kwetu, ambavyo watoto watavila bila kununa.

Mama Watatu, Mwanakwerekwe

Jibu

Waalaykum salaam mwanangu,

Umeuliza mapishi, lakini nitaanza na gego, kwa sababu mapishi yanaweza kungoja na gego haliwezi. Mpeleke mtoto kwa daktari wa meno wiki hii. Najua utaambiwa na watu kwamba ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Mtoto wa miaka 6 ndio umri ambao magego ya kwanza ya ukubwani huchomoza, nyuma kabisa ya yale ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Wazazi wengi hawajui kuwa yameota, wanayadhania ya utoto. Hilo likitoboka hakuna jingine nyuma yake, ndilo atakaloingia nalo uzeeni. Huenda ni la utoto kweli, lakini daktari ndiye atakayejua.

Sasa sikiliza jinsi jino linavyoharibika, maana ukishalielewa hilo utajua mwenyewe cha kufanya na ndoo yako. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayokula sisi na kutoa asidi. Kila sukari inapopita, jino linakaa kwenye asidi hiyo nusu saa au zaidi mpaka mate yaitulize. Mtoto anayekula pipi tano kwa mkupuo baada ya wali wa mchana ameliingiza jino kwenye asidi mara moja. Anayezigawa hizo tano tangu asubuhi hadi Magharibi, huku moja imebaki shavuni, hajalipa jino nafasi ya kupumua kutwa nzima. Idadi ni ile ile, madhara siyo.

Hili lilijulikana Uswidi katika miaka ya 1940 na 1950, katika taasisi ya Vipeholm, mjini Lund. Watu wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata bila kuombwa ridhaa, ili waonekane meno yao yatafanywaje. Ni aibu kubwa, na ujuzi huo ulipatikana kwa kuwaumiza watu wasiokuwa na wa kuwasemea. Ila kilichoonekana hakina ubishi: kinachoangamiza meno ni sukari ya kunata inayoliwa kati ya mlo na mlo. Kutokana na hapo Waswidi wakashauriwa wawape watoto pipi siku moja tu kwa wiki, na mpaka leo Jumamosi kwao ndiyo siku ya pipi.

Basi ndoo usiimwage. Ukiimwaga mbele yao umewavunja moyo, maana ile ni Idd yao, wameitembelea kwa miguu. Ukiimwaga kwa siri watakujua, na kesho watakula zao njiani kabla hawajafika nyumbani. Ila juu ya kabati napo si mahali pake, na hapo nina ushahidi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwawekea watoto wadogo chakula wanachokipenda mahali wanapokiona lakini hawaruhusiwi kukigusa. Watoto wakakitaka zaidi ya walivyokuwa wakikitaka kabla, wakazidi kukizungumzia na kukiomba. Mwanao na kigoda chake anakwambia jambo hilo hilo.

Ishushe ndoo, muimwage mkekani pamoja. Za mviringo ngumu na bigijii zitoke kwanza, zisikae kabisa nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na nusu, kwa sababu anaweza kupaliwa na moja ikaziba njia ya hewa. Wakubwa wote wawili waambie sababu hiyo, wataielewa kuliko hotuba ya meno. Zilizobaki kila mmoja achague anazozipenda kweli. Utashangaa ni chache, nyingi walizichukua kwa kuwa zilitolewa. Kisha siku ya pipi iwe Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, wanakula walizochagua, wanakunywa maji, basi. Asubuhi na usiku wanapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi: huyo mdogo unamtilia kiasi cha punje ya mchele, wakubwa kiasi cha punje ya njegere.

Jirani yako na hiyo sukari ya kichwani, msikilize kwa tabasamu tu. Mwaka 1995 yalikusanywa majaribio mengi ambamo watoto walipewa sukari ama kitu kitamu kisicho na sukari, na wazazi hawakuambiwa yupi kapewa nini. Hapakuonekana tofauti ya tabia. Watoto wako wametoka kwenye mwezi mzima wa kuamka na watu wa daku, wakaunganisha na siku nne za mabembea mpaka saa za usiku. Wamechoka. Warudishe kulala mapema uone kelele zitakavyopungua, hata kabla hujagusa kikopo cha sukari.

Asali. Qur'ani imeitaja kuwa ndani yake mna shifaa na mimi sishindani na hilo. Lakini dawa hainywewi na uji kila asubuhi. Asali ni nzito, kijiko chake cha chai kina uzito wa gramu 7 hivi na karibu gramu 6 kati ya hizo ni sukari, wakati kijiko cha sukari yenyewe kina gramu 4. Kwa hiyo ulipobadilisha kijiko kwa kijiko, uliongeza. Sukari guru vivyo hivyo, rangi yake ya udongo isikudanganye. Shirika la Afya Duniani linazihesabu sukari ya kikopo, asali na hata sharubati ya matunda katika fungu moja. Uingereza wameweka kipimo kwa umri: mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 19 za sukari ya aina hiyo kwa siku, wa miaka 7 hadi 10 gramu 24. Chai ya vijiko vitatu ina gramu 12, na huyo mvulana wako hajatoka nje bado. Soda moja ndogo ya mililita 300 peke yake ina takriban gramu 30. (Na kama una ndugu mwenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mkataze asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto huyo hauviwezi.)

Kwa hiyo ukiniuliza, mchana huu huu anza na chai. Vijiko vitatu viwe viwili na nusu wiki hii, wiki ya pili viwili, na kuendelea, huku unaongeza hiliki na mdalasini. Ulimi unazoea. Ukishuka kutoka vitatu hadi kimoja kwa siku moja watakususia, na watakuwa na haki.

Sasa jikoni. Lozi na chia waachie wenye nazo, sisi tuna ndizi, nazi, ufuta, karanga, viazi vitamu, tende na ubuyu, na sioni tumepungukiwa nini.

Wanachokililia watoto kuliko vyote ni barafu, na barafu ndiyo rahisi kuliko vyote. Chukua ndizi zilizoiva mpaka ganda limeanza madoa meusi, zile ambazo ungezitupa. Tatu kubwa, vikombe viwili vya tui zito, hiliki kidogo, chembe ya chumvi. Saga, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka vijiti, gandisha. Sukari usitie. Kuna jambo la kujua hapa: baridi hufisha utamu ulimini, ndiyo maana barafu za kununua hutiwa sukari nyingi kiasi kwamba zikiyeyuka hazinyweki. Kwa hiyo ukiuonja mchanganyiko wako ukaridhika na utamu, usifikiri umemaliza, unatakiwa uuone mtamu kidogo kupita kiasi kabla ya kugandisha, na utamu huo utoke kwenye ndizi mbivu zaidi. Msimu wa embe tumia embe. Papai nalo linakubali ukilikamulia ndimu. Nanasi ligandishe na maji ya dafu, si na tui.

Ubuyu ndio nilitaka kuuzungumza kwa kirefu, kwa sababu ni haki yetu na umeharibiwa. Ule unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C nyingi, una nyuzinyuzi na kalsiamu. Tumeufanyaje? Tumeuzamisha kwenye shira na rangi nyekundu mpaka mtoto akitoa ulimi unadhani ameumia. Pika wako hivi. Chemsha rozela kavu kiganja kimoja kwenye maji, chuja upate kikombe kimoja cha maji mekundu. Tia kikombe kimoja cha sukari, hiliki, pilipili manga na chumvi kidogo, acha ichemke mpaka inanata kidoleni. Mimina vikombe vinne vya ubuyu wenye mbegu, geuza kwa moto mdogo mpaka ushike wote, epua, halafu nyunyizia nusu kikombe cha unga wa ubuyu mtupu ili ukauke na uwe mkali. Rangi haitawaka kama ya dukani, itakuwa ya zambarau iliyochuja. Bado una sukari, sikufichi, lakini wewe ndiye uliyeipima. Mbegu zisimfikie mdogo. Yeye mlowekee ubuyu kwenye maji ya vuguvugu, ukamue, uchuje, umtilie kwenye uji. Na kwa kuwa ubuyu ni mkali, nao una asidi yake, kama ulivyo ukwaju. Wakimaliza wasukutue kwa maji, mswaki ungoje nusu saa au zaidi, kusugua meno yakiwa bado yamelainishwa na ukali huo kunayachubua.

Kashata nakusihi usizitie ufundi wa mtandaoni. Sukari ndiyo inayozishikamanisha, ukipunguza sana zinamomonyoka na watoto watasema mama ameharibu. Pika kashata za ufuta kama kawaida, ila zitandaze nyembamba sana kwenye sinia iliyopakwa mafuta, uzikate vipande vya upana wa kidole. Kipande ni kipande, mtoto haangalii unene. Zikipoa zinakuwa ngumu, kwa hiyo huyo wa miaka miwili na nusu msimpe, kama msivyompa karanga nzima wala bisi.

Kwake na kwa wote kuna tende. Kikombe cha tende laini zisizo na kokwa, kikombe cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko vichache vya nazi iliyokunwa na kukaushwa kwenye sufuria bila mafuta. Zisonge pamoja, tengeneza vidonge, vizungushe kwenye ufuta. Vya mdogo viponde vilale, visiwe mviringo. Vina protini na vinashibisha, tofauti na pipi ambayo ikiyeyuka tumbo halijui kama kuna kitu kimepita. Ila tende nazo hunata menoni, basi ziwe baada ya mlo, si za kutembea nazo kutwa.

Viazi vitamu vya nazi na ndizi mbivu za nazi unazijua kuliko mimi, umetoka kuzipika mwezi mzima kwa futari. Kwa nini tunaziacha ikishaandama Shawwal? Tia kwenye bakuli dogo saa kumi, vuguvugu, hiliki juu. Viazi vya ndani ya rangi ya chungwa ukivipata nunua hivyo, vina vitamini A. Kaimati nazo zisiondoke nyumbani kwako, zimwagilie shira kwa kijiko zikiwa mezani badala ya kuzizamisha. Soda iwe ya harusini. Siku nyingine maji, au dafu.

Na wapikishe. Msichana wa miaka 9 anaweza kukuna nazi na kupima sukari mwenyewe, na akishaona kwa macho yake kikombe kizima kinavyomiminwa kwenye sufuria moja hutahitaji kumweleza. Wa kati achomeke vijiti vya barafu.

Nimebakisha mavyaa. Kwanza nimtetee. Wajukuu wanaokwenda kumwamkia kila Alasiri ni neema ambayo mabibi wengi hawana, na pipi ndiyo lugha aliyonayo ya kuwaambia njooni tena kesho. Ulipomgusia pipi, alichosikia ni kwamba unamkatia wajukuu. Kuhusu halua ya mumeo, huenda anasema kweli: halua ilikuwa ya sikukuu na ya harusi, ililiwa na kahawa chungu, ikafunikwa. Hakukuwa na kioski chenye pipi mlangoni pa skuli.

Usirudi kwake na hoja. Nenda na ufuta kilo moja na useme, "Mama, kashata zangu hazishiki, naomba uwafundishe watoto zako." Mpe Alasiri moja ya wiki iwe ya mapishi kwake. Atakuwa na kitu cha kuwapa kilicho bora kuliko pipi, na kila mtu mtaani ataambiwa kuwa wajukuu wamejifunza kwa bibi yao. Siku nyingine mpelekee vidonge vya tende awe navyo kwenye kopo lake, yeye ndiye agawe, mkono uwe wake. Suala la gego usimwambie wewe, amwambie mwanawe. Mumeo amchukue mama yake wampeleke mtoto kwa daktari wa meno, bibi amsikie daktari mwenyewe. Huyo mume anayesema waache zitaisha ana kazi ya kufanya, na ndiyo hiyo.

Idd ya kuchinja inakuja baada ya miezi miwili na siku kidogo. Wajomba na mashangazi waambie tangu sasa kwamba watoto wapewe mkono wa Idd wa pesa, na kwamba nusu itawekwa kwa ajili ya kitu wanachokitaka wenyewe, mpira au kanga ya mdoli, wataje. Ukingoja asubuhi ya sikukuu yenyewe, watu wameshavaa na wameshanunua.

Shangazi